Injini ya Mdogo Wangu: Tuitengeneze au Tuing'oe?



Mwenye mtoto au ndugu anayekaa Dar es Salaam ajue kwamba siku moja ataletewa habari za motokaa. Ataambiwa injini imekufa, na jamaa wote wanaombwa wachange: huyu auze mbuzi, yule atoe akiba ya korosho. Nawe huko kijijini hujapata hata kufungua boneti, utajibu nini? Nyumbani kwetu jambo hili lilikuja likataka kumeza kiwanja kizima cha Chanika, ndiyo maana naona yafaa nikueleze jinsi tulivyolipima.

Mdogo wangu alinunua Mazda RX-8 iliyokwisha kutumika Japani. Gari lenyewe linapendeza macho: lina milango minne, na ile miwili ya nyuma hufunguka kinyume, kama milango ya kabati. Bei yake ilikuwa ya chini kuliko alivyotazamia. Tena kadi ya gari ilisema injini ni ya sentimita za ujazo 1308 tu, naye akajihesabia kwamba litakunywa petroli kidogo kama vile vigari vidogo vya mjini. Kumbe sivyo.

Injini hii haina pistoni wala valvu. Ndani yake mna rota mbili, kila moja ina pembe tatu, mfano wa sambusa iliyovimba, nayo huzunguka katika chumba chenye umbo la ganda la karanga ya punje mbili. Katika kuzunguka huko kila upande wa rota huvuta hewa na petroli, huvibana, huvichoma, kisha hutoa moshi. Aliyeibuni ni Mjerumani Felix Wankel, na ya kwanza iliwaka mwaka 1957 katika kiwanda cha NSU. Wajapani wa Mazda wakaichukua, wakahangaika nayo miaka kadhaa, maana ncha za rota zilikuwa zikichora ukuta wa chumba mistari ambayo wao wenyewe waliiita kucha za shetani. Mwaka 1967 wakatoa gari la Cosmo Sport, na mwaka 1991 gari lao la rota nne likashinda mbio za saa 24 za Le Mans huko Ufaransa. Basi mtu akikuambia kwamba injini hii ni takataka, usimsadiki.

Ila ina tabia zake. Ile namba 1308 haisemi yote, kwa kuwa rota huchoma mara nyingi kuliko pistoni katika mizunguko ile ile. Hata serikali ya Japani, inapotoza kodi, huzidisha ukubwa wake mara moja na nusu. Tena imeundwa makusudi ichome oili kidogo pamoja na petroli, ili ncha za rota zipate ulaini. Asiyejua hilo hapimi oili mpaka siku ya sevisi, na siku hiyo huenda amekwisha chelewa. Haipendi joto kali. Wala haipendi kuwashwa ikiwa baridi kisha kuzimwa papo hapo, maana plagi hulowa petroli ikagoma kuwaka. Naye mdogo wangu alikuwa akiiwasha kila Jumamosi ili aisogeze kivulini, kisha akaizima.

Gari likaanza kukosa nguvu. Likiwa la moto halikutaka kuwaka kabisa. Jioni moja likazimika katikati ya Mtaa wa Msimbazi, wasukuma mikokoteni wakatuambia maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Tukalivuta mpaka Gerezani.

Msomaji ambaye hajafika Gerezani, ni upande wa Kariakoo ambako vipande vya motokaa vimejaa kama viazi mnadani: injini za Toyota zimepangwa chini, giyaboksi zimepandana, milango na taa zimening'inia ukutani. Ukikosa kifaa cha Toyota asubuhi, utakipata kabla chai haijapoa. Lakini tulipouliza vifaa vya rota, duka kwa duka, wenye maduka walitutazama kama watu wanaoulizia theluji.

Hapo ndipo mashauri yalipoanza. Fundi kijana wa kwanza alisema, "Kaka, hii ing'oe. Weka 1JZ ya Toyota, utanikumbuka." Wa pili akakataa: injini ibaki, ila matundu ya kupitishia hewa yatanuliwe, kisha ifungwe turbo. Mdogo wangu alimsikiliza kila mmoja macho yakimng'aa. Usiku ule akaniambia, "Kaka, kile kiwanja cha Chanika nakiuza. Mtu nimekwisha mpata."

Kiwanja hicho kilitokana na mafao ya marehemu baba. Mama akitumaini kwamba siku moja atajengewa chumba pale, awe karibu na hospitali za mjini. Tulipompigia simu aliuliza neno moja tu: "Na hicho kiwanja nacho kina injini?"

Mimi nikafungua daftari. Wengi hudhani gharama ya kubadili injini ni bei ya injini. Hiyo ni sehemu ndogo. 1JZ ina silinda sita mstari mmoja, tena mwili wake ni wa chuma cha kusubu, yaani ni ndefu na nzito; ile ya rota ni fupi na nyepesi, imekaa chini na nyuma, na kwa ajili hiyo gari limesawazishwa vizuri mbele na nyuma. Ukiweka ile ndefu itakubidi ukate vyuma vya kuishikia, ubadili karai la oili, utafute giyaboksi yake, uchonge propela shafti mpya. Kisha waya. Usukani wa RX-8 husaidiwa na umeme, na kompyuta ya injini ndiyo inayoupa habari. Ing'oe hovyo, usukani utakuwa mzito kama wa lori bovu, na mishale ya dashibodi italala. Mwisho ni karatasi: kadi ya gari imeandikwa namba na ukubwa wa injini, hivyo TRA na watu wa bima sharti waarifiwe. Kila mstari niliouandika ulizaa mwingine.

Shauri la kutanua matundu sikulipa hata ukurasa. Nguvu yake huonekana injini inapokwenda mbio sana. Sasa niambie, katika foleni ya Kariakoo, nyuma ya mkokoteni wa mahindi, utakimbia wapi? Petroli itazidi kuliwa, nayo injini iliyochoka itabebeshwa mzigo juu ya uchovu wake.

Aliyetusaidia ni fundi mmoja mzee, tuliyemkuta ameketi juu ya tairi akinywa kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmeipima?"

Hatukuwa tumeipima. Wala wale vijana hawakuipima, nao walikwisha ihukumu.

Mzee akaanza na vitu vidogo. Injini hii ina plagi nne na koili nne, na koili za RX-8 zajulikana kwa kuchoka mapema. Akazibadili zote. Gari likapata nafuu, lakini si uzima. Ndipo akapima jinsi injini inavyobana hewa. Kipimo cha kawaida hukupa namba moja, ile kubwa kupita zote. Kumbe rota ina pande tatu, na upande mzuri waweza kuficha ubaya wa mwingine. Kwa hiyo akaondoa kijivalvu cha kile kipimo, akatuambia tutazame mshale unavyoruka. Rota ya mbele ilitoa miruko mitatu iliyo sawa. Ya nyuma ilitoa mmoja mzima na miwili hafifu. "Ncha moja imekwisha," akasema, "maana kila ncha hutenga pande mbili."

Basi maradhi yakawa na jina. Nikamwambia mdogo wangu maoni yangu wazi: aitengeneze iwe kama ilivyotoka kiwandani, asiongeze kitu, na kiwanja asikiguse. Kama kuta za vyumba vyote viwili zingekuwa zimekwaruzika vibaya, ningesema auze gari kwa vipande. Na kama lingekuwa gari la kutafutia riziki kila siku, ningekubali injini ya pistoni upesi, kwa sababu gari la kazi haliwezi kungoja kifaa kivuke bahari; hata hivyo ningemwomba kwanza auze hili anunue Toyota nzima, maana kazi hiyo Wajapani wamekwisha ifanya. Alinuna siku tatu. Alitaka sauti ya turbo, nami simlaumu, ujana una masikio yake.

Sasa injini iko mezani kwa mzee, imefunguliwa. Kuta zake zimeonekana nzima. Vizibo vya ncha, vyote sita pamoja na springi zake, vimeagizwa Japani, na mdogo wangu anavilipia kwa mshahara wake mwezi kwa mwezi. Mazda iliacha kuunda RX-8 mwaka 2012, kwa hiyo kila kifaa chahitaji subira. Kazini huenda kwa mwendokasi, anapandia pale pale Gerezani. Mzee amemwagiza kwamba gari likirudi barabarani awe na oili ndani ya buti sikuzote, na kila akijaza petroli mara mbili avute kijiti cha kupimia. Chupa ya oili amekwisha inunua. Iko ndani ya buti, na gari halina injini.