Nchi Inayojisifu kwa Nyatiti

Kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, mwendo wa kilomita 46, ziko kuta za boma la Thimlich Ohinga: mawe juu ya mawe, bila saruji wala udongo, mahali pengine yakipita mita 4 kwenda juu. Zimesimama tangu karne ya 16 hivi, na mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia. Kinachonigusa ni kwamba waliokaa humo hawakuwa wa lugha moja. Kila kundi lililohamia lililitengeneza boma la waliotangulia, likalifanya lake.

Ukiingia Homa Bay kwa Bonde la Lambwe unaikuta Hifadhi ya Taifa ya Ruma, makao ya korongo, yule swala mkubwa ambaye porini Kenya amebaki hapa tu. Mbele zaidi, karibu na Kendu Bay, kuna Ziwa Simbi Nyaima, maji ya magadi yaliyojaa ndani ya kreta. Wenyeji husimulia kuwa palikuwa na kijiji kilichomfukuza bibi kizee sherehe ikiendelea, nacho kikazama usiku huohuo.

Lakini nchi hii ya kandokando ya Ziwa Victoria haitoshi kuonwa, sharti isikiwe ikijisifu. Mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, huketi kwenye kigoda, nyuzi nane mbele yake, njuga mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mbao. Mara mtu husimama, hutoa pesa, muziki hunyamaza, naye huanza pakruok, yaani kujigamba. Hutaja ukoo wake, mama yake, kilima cha kwao, ufuo wanakovua. Hujiita kiboko, hujiita chui. Akimaliza, watu hushangilia na nyuzi hurudi. Nasema bila kusita: huu ni ushairi wa uzalendo ulio hai kuliko mwingi uliochapishwa vitabuni, maana msemaji hawezi kujitaja bila kuitaja ardhi.

Hata taifa lenyewe linaimba kwa sauti ya mahali: Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, lahani ya wimbo wa taifa ilitokana na wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana. Mto mmoja ulilipa taifa sauti yake. Ziwa nalo lina yake: pakruok. Walimu mnaofundisha majigambo katika fasihi simulizi, waleteni wanafunzi huku wayasikie yakitolewa na wenyewe, wangali hai.