Mfundishe mwanao kusoma habari hadi mwisho

Msomaji mpenzi, hebu nikuulize swali. Ni lini mara ya mwisho ulipoketi na mwanao mkasoma habari moja pamoja, kuanzia kichwa chake hadi nukta ya mwisho? Usione haya kujibu. Hata mimi, ambaye kalamu ndiyo jembe langu, niliwahi kuishia kwenye kichwa tu, na aliyeumia ni nyanya yangu.

Ilikuwa mwaka wa 2013. Nilikuwa mwanafunzi wa uanahabari jijini Nairobi, kijana aliyejiona anajua mambo. Mnamo Septemba 11, serikali pamoja na shirika la UNESCO zilitangaza kwamba hazina kubwa ya maji imegunduliwa chini ya ardhi ya Turkana. Katika bonde la Lotikipi pekee, tuliambiwa, kulikuwa na mita za ujazo bilioni 200. Zikaanza kuvuma habari kwamba maji hayo yangetosheleza Kenya nzima kwa miaka 70.

Nyanya yangu aliishi karibu na Kakuma, kando ya mto Tarach. Wanaoujua mto huo wanafahamu kwamba sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Wanawake huuchimba, kisha hungoja maji yajikusanye wayateke kikombe kwa kikombe. Wakati huo yeye na majirani walikuwa wakichanga pesa za kutengeneza pampu ya kisima iliyoharibika, na tayari alikuwa ameamua kuuza mbuzi wawili.

Sikumaliza kusoma habari ile. Nilimpigia mjomba simu nikamwambia, "Mwambie nyanya maji yamepatikana. Asihangaike tena."

Nyanya aliwaambia wenzake wasubiri. Mjukuu wake anayesomea mambo ya magazeti huko Nairobi si amesema? Mchango ukasimama. Wakangoja msimu mmoja, wakangoja wa pili. Kila nilipopiga simu aliniuliza, "Yale maji yamefika wapi?"

Kufikia 2015 ilikuwa imejulikana kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi mno kwa mtu kunywa. Habari hiyo haikuvuma kama ile ya kwanza. Mimi niliiona, nikaona aibu, nikanyamaza. Mjomba ndiye aliyefufua mchango wa pampu. Miaka ile ya kuchimba mchanga ni mimi niliyemwongezea nyanya.

WATOTO WA LODWAR

Nimekumbuka haya kwa sababu hivi majuzi mwalimu mmoja, rafiki yangu, alinialika Lodwar nizungumze na watoto Jumamosi asubuhi katika maktaba ndogo. Walikuwa kama ishirini, wa umri wa miaka 10 hadi 13. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu kuhusu uongo unaosambazwa kwa simu. Baada ya dakika kumi walianza kupiga miayo.

Niliiweka hotuba kando nikawagawia nakala za taarifa ile ya 2013. Nikawaambia watafute sentensi moja wanayoona ni muhimu kuliko zote. Wengi walikimbilia bilioni 200. Lakini msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha alisoma polepole, kidole kikifuata mistari, hadi chini kabisa. Akainua mkono.

"Hapa wanasema uchunguzi zaidi unahitajika ili kujua kiasi cha maji na kama ni mazuri," alisema.

Alikuwa na haki. UNESCO yenyewe ilikuwa imetoa tahadhari hiyo siku ile ile ya kwanza. Haikufichwa. Ilikuwa tu mbali na kichwa cha habari.

"Kwa hivyo hawakudanganya?" mvulana mmoja akauliza.

Ikabidi niwasimulie habari za nyanya. Nilipomaliza, mvulana yule aliuliza tena: "Na ulipojua yana chumvi, ulimpigia simu?"

Nilisema hapana. Sijawahi kuulizwa swali gumu kama lile na mhariri yeyote.

Kabla hatujaachana, watoto waliandika ubaoni maswali manne ya kuiuliza habari yoyote. Nani amesema? Amejuaje? Ni nini ambacho bado hakijulikani? Na baadaye ilikuwaje? Hilo la nne ni lao wenyewe. Mimi nilikuwa na matatu tu.

WATOTO WA KAKUMA

Siku iliyofuata nilisafiri hadi Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi. Kambi ya wakimbizi ya huko ilianzishwa mwaka wa 1992, na ina historia yake ya uanahabari. Tangu Desemba 2008, wakimbizi wenyewe wamekuwa na chombo chao cha habari, Kanere, kilichoanzishwa ili waandike habari zao wenyewe badala ya kungoja kuandikwa na wageni.

Katika chumba kimoja cha kusomea, niliwaandikia watoto maswali yale manne, kisha tukachukua habari iliyowagusa. Mnamo Machi 2021, serikali ililipa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa siku 14 litoe mpango wa kufunga kambi za Kakuma na Dadaab. Mwezi wa Aprili, Mahakama Kuu ilisimamisha hatua hiyo kwa muda. Baadaye mwezi huo huo ikatangazwa kwamba kambi zingefungwa kufikia Juni 30, 2022. Tarehe hiyo ilifika ikapita, na kambi hazikufungwa.

Watoto wale walikuwa wadogo sana wakati huo. Msichana mmoja alisema anakumbuka jambo moja tu: mama yake aliuza kuku wake wote kwa bei ya hasara, kwa kuwa jirani alisema malori yako njiani. Siku 14 zilikuwa za kutoa mpango, wala si za watu kuondoka. Lakini neno hilo lilipotoka mdomo mmoja hadi mwingine, "mpango" ulianguka njiani, zikabaki siku 14 peke yake.

KWA NINI MAKTABA?

Huenda unajiuliza, kwa nini mafunzo haya yafanyiwe maktabani na simu ipo mfukoni? Nitakujibu. Simu inayotumiwa kusambaza habari hutuletea ya leo, na kesho inatuletea nyingine. Maktaba iliyotunza magazeti yake ina ya jana, ya juzi na ya miaka kumi iliyopita. Mtoto anaweza kufungua gazeti la siku habari ilipotoka, kisha akafungua la mwaka uliofuata, akaona kwa macho yake kilichotokea. Hapo ndipo swali la nne linapojibiwa.

Isitoshe, maktabani yupo mtu wa kumwongoza, na mtoto asiye na simu anasoma sawa na mwenye simu. Mtaala wetu mpya ulioanza 2017 unataja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa mambo makuu ambayo mtoto anapaswa kuwa nayo. Vizuri. Lakini kujua kubonyeza si kujua kupima.

Wako wazazi wanaohofia kwamba mtoto akifundishwa kuhoji habari atakuwa mbishi, asiamini chochote. Hofu hiyo naielewa. Lakini anayedharau kila habari ni sawa na anayemeza kila habari. Wote wawili wamekwepa kazi ya kusoma. Yule msichana wa Lodwar hakuitupa taarifa ya UNESCO. Aliisoma yote.

Kwa hivyo, ewe mzazi unayeishi mjini, Jumamosi ijayo mpeleke mwanao maktabani, iwe ni Kaloleni, Makadara, Buruburu au iliyo karibu nawe popote. Ulizia magazeti ya zamani. Chagueni habari moja iliyovuma na mwulizane maswali manne. Kama maktaba yenu haitunzi magazeti, au hakuna maktaba kabisa, mwulize mwakilishi wako wa wadi, kwa maana Katiba ya 2010 iliweka maktaba chini ya serikali za kaunti.

Nawe mwanafunzi, kabla hujamtumia mwenzako habari, shuka nayo hadi mstari wa mwisho. Na ikigeuka, mrudie uliyempa.

Nilipotoka Kakuma nilipita kwa nyanya. Nilimweleza yote: sikumaliza kusoma, na nilipojua ukweli nilinyamaza. Alinitazama kwa muda.

"Maji kuwa na chumvi si kosa lako," alisema. "Lakini ungeniambia. Nami ningewaambia wale niliowaambia wangoje."