Kioo Kimoja, Kazi Tatu

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Dirisha hawakulitaja, nalo ndilo linalonishughulisha tangu Novemba 2025, wanaanga watatu wa Uchina walipolazimika kurejea duniani kwa chombo kingine. Kidirisha cha chombo chao, Shenzhou-20, kilikuwa kimepata nyufa ndogo, zilizodhaniwa kusababishwa na taka za angani.

Hapa Mwembe Tayari ninapoishi, yapitapo mabasi ya bara, aghalabu utaona kioo cha mbele kilichopasuka bila kuanguka, kwa kuwa ni vioo viwili vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki. Cha ubavuni kikivunjika humwagika punje punje. Kila kimoja kimeundwa ili hata kuvunjika kwake kusimdhuru abiria.

Angani mambo ni mazito zaidi. Hewa ya chomboni hukisukuma kioo kuelekea utupu kwa nguvu ya takriban tani 10 kwa kila mita mraba, na mkwaruzo mdogo huweza kukua ukawa ufa. Ndiyo maana madirisha ya mbele ya vyombo vya Shuttle vya Marekani, vilivyoruka kuanzia 1981 hadi 2011, yalikuwa na vioo vitatu. Cha nje, cha silika, kilistahimili joto. Cha ndani kilizuia hewa. Cha kati kilingoja kushika nafasi ya mwenzake. Mwaka 1983 chembe ya rangi ilichimba kishimo cha takriban milimita 4 katika kioo cha nje cha Challenger. Wanaanga walirudi salama.

Haya yanamhusuje mwanafunzi wa fasihi? Kwetu kioo ni cha dirishani na pia cha kujitazamia. Kauri ni ya pwani na pia ni sahani. Katika ushairi utata huo ni neema. Fundi aambiwaye "badilisha kioo" atauliza: kipi? Napendekeza kioo-kinga cha nje, kioo-akiba cha kati na kioo-himili cha ndani.

Yupo atakayesema anga si yetu. Hata hivyo, kutoka Ngomeni, Malindi, setilaiti zilirushwa kati ya 1967 na 1988. Mojawapo, ya tarehe 12 Desemba 1970, iliitwa Uhuru. Jina tulilitoa, istilahi hatukuzitoa. Wenzangu chamani, yakosoeni mapendekezo yangu, mradi mlete yaliyo bora.