Kununua Motokaa Kuukuu

Vijana wengi wa Goma hutuuliza kama yafaa mtu mwenye mapato madogo kununua motokaa iliyochakaa na kuitengeneza polepole. Wengine huuliza kwa hamu, wengine kwa kucheka, maana waliiona Peugeot yetu ikikaa uani karibu miaka mitatu, juu ya magogo, isiende mahali. Swali lao ni jema. Twataka kulijibu kwa kueleza yaliyotupata sisi wa nyumba yetu, tukitaja gharama na taabu bila kuficha.

Kwanza yafaa kuieleza motokaa yenyewe. Ni Peugeot 504 ya namna iitwayo Familiale: ndefu, paa lake laendelea mpaka nyuma kabisa, na ndani ina safu tatu za viti. Wazee wetu waliifahamu vema namna hii, pamoja na dada yake mkubwa, 404. Hiyo 404 ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1960, na 504 ikaifuata mwaka 1968. Sifa zao zilienea katika Afrika ya Mashariki kwa sababu ya mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda mara nne, yaani mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Nayo 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Watu walijua njia zile zilivyokuwa na matope, mawe na vumbi, wakasema moyoni: motokaa iliyopita huko itapita na kwetu.

Lakini sifa za zamani hazipandi mlima. Tulitaka kujua jinsi motokaa hii ilivyoundwa, nasi tukaona mambo matatu. La kwanza, toka magurudumu ya mbele hata ya nyuma ni meta 2.90, ambapo katika 504 ya kawaida ni meta 2.74, kwa hiyo ina nafasi ya mizigo. La pili, nyuma ina springi nne, mbili kila upande, ili ichukue uzito. La tatu ndilo kubwa kwa maskini: ndani ya injini kila pistoni hupanda na kushuka katika mkebe wa chuma ambao mafundi wetu huuita shemizi, na mkebe huo huweza kutolewa. Injini ikichoka, fundi hutoa mikebe minne pamoja na pistoni zake, akatia mingine mipya. Hana haja ya kupeleka injini nzima kuchongwa kwa mashine. Tena hamna kompyuta ndani yake. Mwenye spana, macho na akili aweza kuifahamu.

Ni kweli kwamba 504 ya namna ya Familiale iliachwa kutengenezwa Ufaransa mwaka 1983. Lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuunganisha motokaa za 504 miaka mingi baadaye, na kwa sababu hiyo fundi wetu aliweza kuagiza vipuri Nairobi.

Sasa tueleze haja yetu. Baba wa nyumba ni mwalimu. Mama huuza kabichi na viazi katika soko la Virunga. Mboga zake zilitoka Kibumba, zaidi ya kilometa 20 kaskazini ya mji, na kila juma alilipa lori au vijana wa chukudu wamletee. Faida ikapungua njiani. Mwaka 2019 zamu yetu ya likelemba ilipofika, tukaiongeza juu ya akiba ya miaka mitatu, tukawa na dola 1,400.

Hapo maneno yakaanza nyumbani. Baba alitaka kununua motokaa kuukuu, maana nzima haikuwezekana kwa fedha ile. Mama akasema, "Baba watoto, chuma nacho hula kama mtoto, ila mtoto hushiba. Watoto wawili wako shule ya sekondari. Wakifukuzwa kwa ajili ya ada, nitaitazama motokaa hiyo kwa jicho gani?" Tulizungumza siku nyingi, mpaka tukapatana hivi: sanduku la shule na sanduku la motokaa yawe masanduku mawili, na la pili lisifunguliwe kabla la kwanza halijajaa kwa muhula ule. Mama ndiye aliyeshika funguo zote mbili.

Motokaa ya kwanza tuliyoonyeshwa iling'aa kama sahani mpya. Rangi yake nyekundu ilikuwa haijamaliza kunuka. Fundi wetu alikuwa na sumaku aliyoitoa katika spika ya redio mbovu. Akaiweka juu ya paa, ikashika. Akaiweka chini ya milango, ikaanguka. Akaiweka kando ya magurudumu ya nyuma, ikaanguka tena. Ndiyo kusema mahali pale hapakuwa na chuma, bali lipu iliyofunikwa kwa rangi. Mwenye kuuza akakasirika, akatuuliza kama tumekuja kununua motokaa au kuipima homa. Tukamshukuru kwa muda wake, tukaenda zetu.

Ya pili tuliiona uani kwa mzee mmoja aliyekuwa dereva wa safari za Goma na Rutshuru. Ilikuwa ya kijivu, rangi imeungua kwa jua, matairi yamelala, kuku wametaga ndani. Lakini sumaku ilishika kila mahali, isipokuwa pembe moja ya nyuma. Mzee hakungoja tumwulize. "Wanangu," akasema, "injini yake imekwisha. Breki za nyuma hazishiki. Kiti cha katikati kimeliwa na panya. Lakini sakafu yake ni nzima, maana kila mwaka niliipaka oili chafu kwa chini. Nikiwaficha neno leo, kesho mtanitukana mbele ya wajukuu wangu." Alitaka dola 1,100, tukapatana dola 850. Kabla ya kulipa tulilinganisha namba iliyopigwa katika bodi na namba ya kwenye hati yake ya rangi ya waridi, tukaona zapatana, na jina la hati lilikuwa jina lake. Tulitazama pia usukani: ulikuwa upande wa kushoto, kama ifaavyo kwa nchi yetu tunakoendesha upande wa kuume.

Msomaji aliye mbali na Goma afahamu kwamba mji wetu una adui zake wa motokaa. Ardhi yetu ni mawe ya lava, makali kama visu, nayo hula matairi. Vumbi lake jeusi huingia katika breki na kusaga kila kitu. Tena mvua ipitayo katika moshi wa Nyiragongo hupata asidi, ikala mabati ya nyumba na ya motokaa pia. Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza haikuwa injini, bali kutu. Tulikwangua, tukachomelea kipande kimoja katika ile pembe ya nyuma, tukapaka rangi ya kuzuia kutu kila palipoonekana chuma kitupu. Watoto wakajifunza kukwangua kabla ya kujifunza jina la kipuri hata kimoja.

Jirani mmoja alitushauri kuchimba shimo ili fundi asimame chini ya motokaa. Fundi akakataa kabisa. Alikuwa amefanya kazi upande wa magharibi wa mji, ambako hutokea mazuku, yaani hewa mbaya itokayo ardhini. Hewa hiyo haina rangi, ni nzito kuliko hewa tuivutayo, nayo hukusanyika mashimoni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Huua kuku, mbwa na watu. "Mimi siingii shimo la Goma," akasema, "hata mkiniambia mtaa wenu hauna." Basi tukaiinua motokaa juu ya magogo manene, mawili kila pembe, nasi hatukumruhusu mtu kulala chini yake ikiwa juu ya jeki peke yake.

Kazi ilikwenda kwa mwendo wa sanduku la pili. Muhula mmoja tulinunua mabomba ya breki. Muhula mwingine hatukununua kitu, maana mtoto aliugua. Mwanzo wa mwaka 2021 shemizi na pistoni zikafika toka Nairobi, na mwezi wa Mei fundi akafungua kichwa cha injini.

Injini ilikuwa wazi hivyo jioni ya tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ulipopasuka. Sisi twakaa Majengo, upande wa kaskazini, karibu na Buhene. Mbingu ikawa nyekundu. Watu walikimbia, wengine kwenda Sake, wengine kuvuka mpaka kwenda Gisenyi. Katika uwanja wetu ilisimama motokaa yenye viti vya kutosha jamaa nzima, nayo haikuweza kwenda hata hatua moja. Bibi ya watoto alikuwa mzee, miguu imevimba. Mwana wa jirani akatoa chukudu yake, tukamkalisha bibi juu yake akishika mpini, na vijana wanne wakaisukuma mpaka mpakani. Tulilala kando ya njia upande wa Gisenyi. Asubuhi tukasikia kwamba moto umesimama Buhene. Zaidi ya watu 30 walikufa katika msiba ule, na maelfu ya jamaa walipoteza nyumba zao. Tarehe 27 Mei, kwa ajili ya matetemeko ya nchi, serikali ikaamuru mitaa kumi ihame, na Majengo mmojawapo. Tukatoka tena, safari hii kwa miguu na kwa lori mpaka Sake. Tuliporudi mwezi wa Juni, nyumba ilikuwa na ufa ukutani. Motokaa ilikuwa palepale juu ya magogo yake, imefunikwa vumbi.

Ndipo tulipojaribiwa kweli. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja akatutolea dola 200. Ndugu wengine wakatuambia, "Chuma hiki kimekula fedha zenu miaka miwili, na siku ya moto hakikuwasaidia. Kiuzeni." Maneno hayo yalikuwa na nguvu, tena ukuta wetu ulihitaji saruji. Tulikaa jioni moja kuamua, na baba alikuwa karibu kukubali. Ajabu ni kwamba mama, aliyepinga tangu mwanzo, ndiye aliyekataa. Akasema, "Hatukuinunua kwa ajili ya mlima. Tuliinunua kwa ajili ya kabichi. Watoto hawajafukuzwa shule hata siku moja, na sakafu yake haina kutu. Kilichobaki ni kazi." Tukanunua saruji kwanza, tukangoja muhula mmoja, kisha fundi akarudi.

Mwezi wa Julai 2022 injini iliwaka. Tulifanya hesabu: dola 850 za kununua, na dola 2,150 za matengenezo. Ndiyo kusema bei tuliyompa mzee yule haikufika theluthi moja ya gharama yote. Kila kijana atakaye motokaa kuukuu alishike neno hili kuliko mengine yote.

Tangu Agosti motokaa ilileta kabichi toka Kibumba, magunia manane kwa safari. Furaha hiyo haikudumu, maana Oktoba mwaka ule vita viliifunga barabara ya kaskazini. Mama akageukia mboga ziletwazo na mashua toka upande wa Minova hata soko la Kituku, na motokaa ikazibeba toka ufukoni. Mwisho wa Januari 2025, M23 walipoingia mjini, motokaa nyingi nzuri ziliporwa. Yetu, yenye rangi tatu na taa moja iliyofungwa kwa waya, hakuna aliyeitamani. Mabenki yakafunga milango, fedha zikawa adimu, lakini fundi alikubali kulipwa kwa viazi, maana breki za motokaa hii zaweza kutengenezwa uani.

Basi, jibu letu kwa vijana ni hili. Msinunue rangi, nunueni sakafu. Injini iliyokufa yaweza kufufuliwa, lakini bodi iliyooza humaliza fedha na uvumilivu. Chukueni sumaku. Someni hati kabla ya kuhesabu noti. Mkinunua kwa dola mia, wekeni mia mbili na zaidi kando, au fahamuni toka wapi zitakuja. Tafuteni fundi kabla ya motokaa, na mkae naye kazini, mjifunze. Ada ya shule isiguswe kwa ajili ya kipuri chochote. Na motokaa iliyo juu ya magogo msiihesabu kuwa motokaa: siku ya hatari tegemeeni miguu yenu na majirani zenu.

Mwenye haraka asiingie katika kazi hii. Heri aendelee kulipa lori. Lakini aliye na haja ya kweli, fundi mwaminifu na mke au mume mwenye kushika funguo, huyo twamwambia: nenda ukatazame, na kama sumaku inashika, zungumza bei.