Luthuli Avenue, kwa waganga wa runinga

Msomaji, ukiwa Tom Mboya Street jijini Nairobi, hebu ingia Luthuli Avenue. Barabara hiyo ina jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka wa 1960. Spika za madukani zitakupigia kelele. Zipite, upande ngazi hadi kwa mafundi.

Huko utakuta runinga inayowasha taa nyekundu tu, picha haiji. Usikimbilie kununua nyingine. Huenda kilichoharibika ni maagizo yaliyomo ndani ya chipu ndogo ya miguu 8. Fundi hutafuta chipu nzima ya runinga ya aina hiyo hiyo, akaibana katika mashine ya kunakili isiyohitaji kompyuta. Mashine huyasoma yaliyomo, huyahifadhi, huyaandika katika chipu nyingine, kisha huzilinganisha. Fundi akitaka, hubonyeza vitufe na kurekebisha tarakimu chache kwanza.

Hapo ndipo penye hatari. Chipu ya 24C02, iliyotumika sana katika runinga za zamani, hubeba baiti 256 tu, lakini ndimo vilimokaa vipimo vya picha vya runinga hiyo. Fundi mwenye pupa akiandika juu yake bila kuhifadhi ya awali, basi imekwenda.

Kwa hivyo, kabla hajaigusa yako, muulize kwa upole: "Fundi, nakala ya kwanza umeiweka?" Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.