Kabla ya kumlisha kinyonga, mlishe nyenje

Kijana wa miaka 12 alipoomba kufuga kinyonga, wazazi wake walipiga hesabu ya kizimba, taa na daktari wa wanyama. Chakula hawakukihesabu. Kinyonga anakula wadudu, na kwa baba aliyekulia Tanga, wadudu ni kitu ambacho mtu hulipia ili waondolewe nyumbani, si ili waletwe.

Familia hiyo inaishi Columbus, Ohio, nchini Marekani. Waliyemnunua ni jike wa aina inayotoka Yemen na Saudi Arabia, yule mwenye kishungi kirefu kichwani, ambaye siku hizi huzalishwa na wafugaji huko huko Marekani. Dukani walipewa pia boksi la nyenje na kopo la funza wa unga, basi. Kwa miezi mitatu kijana alimlisha kwa uaminifu mkubwa: nyenje asubuhi, funza jioni, mpaka mnyama akatae mwenyewe.

Mwezi wa nne kinyonga akaanza kukosa shabaha. Ulimi ulitoka kidogo tu, ukarudi mtupu. Mikono ya mbele ikapinda, akawa anateleza kwenye tawi alilokuwa akilikumbatia vizuri. Daktari wa wanyama alimpiga picha ya eksirei, akawaonyesha mifupa iliyolegea. Mama, ambaye ni muuguzi katika nyumba ya kulelea wazee, hakuhitaji maelezo marefu. Kwa watoto ugonjwa unaofanana na huo huitwa matege.

Kosa halikuwa uchache wa chakula. Nyenje ana fosforasi inayozidi kalsiamu yake mara kadhaa, na funza wa unga hana nafuu. Fosforasi ikizidi hivyo, kalsiamu haifyonzwi vizuri, na mwili huanza kuichota kwenye mifupa. Tena nyenje wa dukani huenda amekaa siku kadhaa ndani ya boksi bila chakula cha maana. Kinyonga anayemmeza anameza ganda na tumbo tupu.

Wakati huo bibi alikuwa amewasili kutoka Muheza kuwatembelea. Hakumpenda mgeni huyo wa kijani. Kwao, chini ya milima ya Usambara, vinyonga wapo tele, hata wenye pembe, lakini hakuna anayemkaribisha sebuleni. Hata hivyo alisikiliza habari za daktari hadi mwisho.

“Sasa huyu si kama kuku wa mayai tu?” akauliza. “Kuku ukimnyima chokaa, anakutagia yai la ngozi.”

“Lakini bibi, huyu hali pumba. Anakula wadudu.”

“Basi mlishe huyo mdudu, mjukuu wangu.”

Ndivyo daktari naye alivyoshauri. Siku moja au mbili kabla ya kuliwa, nyenje walishwe majani yenye kalsiamu, hasa sukuma wiki, pamoja na karoti au boga. Spinachi haifai kuwa tegemeo, kwa sababu ina asidi inayoishika kalsiamu isitumike. Kisha nyenje hutiwa ndani ya mfuko wenye unga kidogo wa kalsiamu usio na fosforasi na kutikiswa, kama mtu anayepaka unga vipande vya samaki kabla ya kukaanga. Juu ya hayo lazima iwepo taa ya mionzi ya UVB ili mwili utengeneze vitamini D. Taa hiyo hudanganya watu wengi: inaendelea kuwaka wakati mionzi yenyewe imeshaisha, kwa hiyo hubadilishwa kwa tarehe, si kwa macho.

Orodha ya wadudu nayo ilibadilika. Nyenje walibaki, ila hawazidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya kinyonga, na wasioliwa huondolewa kabla ya usiku kwa sababu humng'ata akilala. Funza wa unga wakawa wa mara moja moja. Funza wa nta, wanaokula masega ya nyuki, wana mafuta mengi. Hao ni kama maandazi, haviwi chakula cha kila siku. Mabuu ya nzi weusi, wale wanaofugwa hata Kenya na Tanzania kwa ajili ya kuku, yana kalsiamu yake yenyewe. Vita vilikuwa kwenye mende wa dubia. Mama aliwakataa kwa wiki mbili, akasalimu amri alipoona kwamba hawapandi kuta laini za boksi na hawaimbi usiku kucha kama nyenje.

Wadudu wa nje walipigwa marufuku. Nyasi za mtaani hupuliziwa dawa, na jioni za kiangazi kule Ohio hujaa vimulimuli. Kijana alishakusanya chupa nzima. Vimulimuli vya Marekani vina sumu inayoshambulia moyo, na kimoja kinaweza kumuua mjusi wa kufugwa.

Lililomuuma zaidi kijana ni kupunguza. Jike wa aina hii hutaga hata bila dume, wakati mwingine mayai 60 na zaidi, na kadiri anavyoshiba ndivyo anavyotaga mengi. Kila yai linachukua kalsiamu yake. Kwa hiyo kinyonga mzima hulishwa wadudu wachache tu, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Katika nyumba ambayo mgeni hulazimishwa kuongeza sahani ya pili, hilo lilionekana ukatili.

Kwa kuwa kuna mtoto mchanga, mama aliweka sheria zake: kizimba kisikaribie jikoni, vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la chupa za mtoto, na mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, maana reptilia hubeba salmonela bila kuonekana wagonjwa.

Mikono ya kinyonga haikunyooka. Imekomaa na kupinda kwake, ila ulimi unafika. Sukuma wiki sasa hununuliwa mafungu mawili, na bibi huyachambua yote, akiwawekea nyenje majani laini na kuyapeleka magumu jikoni.