Tunauza Nyumba, na Choo cha Paka Je?



Ndugu zetu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo tunawaletea jambo ambalo wengine wataliona dogo, hata la kuchekesha: choo cha paka. Lakini familia yoyote inayofuga paka ndani na ikataka kuuza nyumba italikuta tu. Na ndani yake mna mambo mawili ambayo si madogo hata kidogo katika dini yetu: tahara na uaminifu katika biashara.

Sisi ni familia ya Nyamirambo, Kigali. Baba yetu, Allah Amrehemu, alifariki akaacha nyumba moja, mke na watoto. Tulikubaliana tuiuze ili kila mrithi apate haki yake: mama thumuni yake, na sisi watoto kilichobaki. Baba aliacha pia paka dume, mzee wa miaka 12. Ua wetu wote umetandazwa matofali, hakuna udongo wa kufukua, kwa hiyo paka huyu tangu mdogo alikuwa na beseni lake la mchanga kwenye ukumbi mdogo nyuma ya jikoni. Katika uzee wake akapata maradhi ya mkojo. Daktari wa mifugo alimtibu, alhamdulillah akapona, lakini miezi ile ya ugonjwa alikuwa hafiki kwenye beseni. Alikojoa kwenye pembe ya stoo, juu ya sakafu ya saruji.

Sasa akaja komisyoneri, yaani dalali. Akapita vyumba vyote, akasimama mlango wa stoo, akanusa. Ushauri wake ulikuwa huu: paka apelekwe kwa shangazi, beseni litupwe, pembe ile iwekwe magunia ya mchele, na kila mteja akija kufukizwe udi. Alituambia bei ya nyumba hukatwa na pua kabla ya mdomo. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo kazi yake.

Mmoja wetu alimuunga mkono, na hoja yake haikuwa nyepesi. Alisema hii si mali ya mtu mmoja, ni mirathi. Tukijitia ukarimu tukapunguza bei, tunapunguza fungu la mama na la mdogo wetu ambaye bado anasoma. Je, tuna haki hiyo?

Mama ndiye aliyejibu. Alitukumbusha kisa cha Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipopita sokoni akakuta lundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua iliyonyesha. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione, kisha akaonya vikali juu ya mwenye kughushi. Kisa hiki amekipokea Imaam Muslim. Mama akasema: magunia ya mchele juu ya pembe ile ni nafaka kavu juu ya iliyolowa. Na fungu lake la thumuni hataki liwe na kitu cha namna hiyo ndani yake. Hapo mjadala ukaisha.

Tukaanza kazi. Ndugu wasomaji, kwanza tujue hukmu. Paka mwenyewe si najisi. Swahaba Abu Qataadah (Radhiya Allaahu 'anhu) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, akaeleza kuwa Mtume amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani. Lakini mkojo na kinyesi chake ni najisi katika madhehebu yetu ya Shaafi'i. Kwa hiyo mwenye kununua nyumba akatandika mswala juu ya pembe ile ana haki ya kujua.

Pili tujue sababu ya harufu. Mkojo wa paka ukikaa, bakteria huugeuza ukatoa amonia, ile harufu inayochoma pua. Ndani yake mna pia asidi ya yuriki, ambayo hukauka ikawa chembe zisizoyeyuka vizuri katika maji. Saruji isiyo na vigae ina vitundu vidogo, nayo hunywa. Ndiyo maana sakafu hupigwa deki leo ikanukia sabuni, kisha msimu wa mvua unyevu ukirudi, harufu nayo hurudi. Udi hauiondoi, unakaa juu yake kwa saa moja tu. Tena wenye nyumba pua zao zimekwisha kuzoea. Mwambieni jirani aingie anuse, awaambie kweli.

Tulichofanya ni hiki. Tulimwaga maji mengi, tukayakausha kwa matambara, tukarudia. Kisha tukatumia sabuni ya unga yenye vimeng'enya, ambavyo huvunjavunja uchafu wa mwilini, tukaiacha ilowe usiku kucha kabla ya kuisuuza. Hatukutumia javeli, wengine huiita Jik, na tunawatahadharisha nayo sana: ikikutana na amonia ya mkojo hutoa hewa ya sumu inayodhuru mapafu. Wala msiichanganye na siki.

Beseni lenyewe hatukulificha. Paka akihamishiwa choo ghafla, au nyumba ikijaa wageni, huchanganyikiwa akakojoa pengine, na hasara huwa mbili. Tuliliacha pale pale, tukaliosha kwa maji moto na sabuni, tukatia mchanga mkavu mpya wa kina cha vidole vitatu, na kinyesi tukakiondoa asubuhi na jioni. Siku hizi uko udongo maalumu wa madukani. Biashara hiyo aliianzisha Edward Lowe huko Marekani mwaka 1947, na kabla yake watu walitumia majivu na mchanga kama sisi. Mchanga unatosha, madhali unabadilishwa.

Harufu ilipungua sana, lakini haikwisha yote. Wateja wawili wa mwanzo walioneshwa pembe ile, wakaenda zao wasirudi. Siku hizo mbili hazikuwa nyepesi nyumbani kwetu.

Wa tatu walikuwa mume na mke vijana, na mke alikuwa mjamzito. Mama alimchukua dada yule kando akamweleza yote, na akamwomba asiliguse beseni. Kinyesi cha paka huweza kuwa na kijidudu cha toksoplasma, ambacho humdhuru mtoto aliye tumboni. Mayai yake huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, ndiyo maana choo cha paka husafishwa kila siku, na mjamzito humwachia mwingine kazi hiyo. Asiye na wa kumwachia avae glavu na anawe mikono vizuri.

Mume alirudi na fundi wake. Fundi akasema tabaka la juu la saruji pale pembeni libanduliwe, lipigwe jipya, kisha vigae. Akataja gharama. Tukaitoa katika bei, mbele ya warithi wote, kila mmoja akiridhia kwa fungu lake. Tukaandikiana, tukaenda kwa notari wa ardhi, tukapeana mikono. Yule ndugu yetu aliyekuwa akipinga ndiye aliyepiga hesabu ya mafungu, na akasema pungufu kwa kila mtu ni dogo kuliko alivyohofia.

Enyi wazazi, mkitaka kuuza nyumba yenye paka, anzeni mapema, miezi si siku. Safisheni choo chake kila siku. Tafuteni mahali alipopakojolea kwa pua ya mtu wa nje. Mkihamia nyumba mpya, mwekeni kwanza katika chumba kimoja pamoja na beseni lake la zamani na mchanga kidogo aliouzoea, hadi atulie. Na lile lisilotoka kwa kusafishwa, litoeni kwa ulimi kabla ya kupokea pesa.

Paka wa baba yuko nasi katika nyumba ya kupanga. Tunamwomba Allah Atubarikie mali zetu, ndogo na kubwa, Amrehemu baba yetu na wazazi wenu waliotangulia, na Awatie baraka wale vijana katika nyumba yao na mtoto wao. Aamiyn.

Wabillaahi tawfiyq.